Ni Nani Astahiliye Kuongoza Chuo? Uhakiki wa "Kanuni ya Uchungaji" ya Gregori Mkuu

Mwalimu wa theolojia anapoulizwa kama jina lake lipelekwe mbele ya bodi ili afikiriwe kuwa mkuu wa chuo, mara nyingi hujibu kwa njia moja kati ya mbili: ama husema kwamba hastahili, ama husema kwamba yu tayari kutumika popote. Majibu yote mawili husifiwa kanisani, na yote mawili yaweza kuficha tamaa au woga. Kitabu kilichojadili jambo hili kwa ukali wa pekee ni "Kanuni ya Uchungaji", alichokiandika Gregori Mkuu muda mfupi baada ya kufanywa askofu wa Roma mwaka 590. Kiliandikwa kwa ajili ya maaskofu. Lakini kwa kuwa mkuu wa chuo cha theolojia ni mlezi wa wachungaji wa kesho, kinamhusu pia.

Gregori aliyajua aliyoyaandika. Aliwahi kushika madaraka ya juu ya serikali katika mji wa Roma, kisha akayaacha na kuwa mtawa. Alipolaumiwa na Yohana, askofu wa Ravenna, kwa kutaka kujificha ili auepuke uaskofu, alimjibu kwa kitabu hiki chenye sehemu nne.

Katika sehemu ya kwanza anawaweka pamoja manabii wawili. Isaya alijitoa atumwe. Yeremia alijitetea kwamba yeye ni mtoto. Gregori hamhukumu hata mmoja wao. Anaona kwamba wote wawili waliongozwa na upendo, na anaongeza neno la busara: Isaya alitakaswa kwanza kwa kaa la moto kabla ya kujitoa, naye Yeremia hakushupaa katika kukataa kwake. Hivyo basi, wala utayari wala kusitasita si ushahidi wa kutosha.

Nguvu ya kitabu hudhihirika zaidi pale Gregori anapoeleza jinsi moyo unavyojidanganya. Mtu atamaniye cheo hujiahidi matendo mema mengi atakayoyafanya akikipata, akishakipata, huyasahau. Dawa yake ni rahisi na chungu: mtu ajipime kwa yale aliyoyatenda alipokuwa chini ya wengine. Kwa mwalimu, maana yake ni kujiuliza kama alisahihisha mitihani kwa wakati, kama alipokea maonyo ya wenzake bila kinyongo, na kama alilinda siri ya kikao. Asiyefanya hayo katika idara hatayafanya katika ofisi kuu.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kesi karibu yote husikilizwa ndani ya moyo wa mtu mmoja, naye mshtakiwa ndiye hakimu. Ikiwa moyo hujidanganya, kama Gregori mwenyewe asemavyo, utawezaje kutoa hukumu ya haki? Hapa Walutheri tuna neno la kuongeza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 14, linadai kwamba asiwepo afundishaye hadharani kanisani pasipo kuitwa kwa utaratibu. Wito hutoka nje ya mtu. Kwa hiyo anayejiuliza kama yu tayari awaendee wenzake wanaomfahamu, hasa wale wasiomsifu, na awape uhuru wa kusema hapana.

Upungufu wa pili ni kwamba kitabu hakisemi mengi kuhusu hazina. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na sehemu kubwa ya jaa la mkuu wa chuo ni ada zisizolipwa na mishahara inayosubiriwa. Jambo hili tulitafute katika barua za Gregori, ambazo zimehifadhiwa kwa mamia. Humo anamwagiza msimamizi wa mashamba ya Kanisa huko Sicily asiruhusu wakulima watozwe nafaka kwa vipimo vilivyozidishwa. Mtakatifu huyu alichunguza hata vibaba! Anayeona hesabu kuwa kazi isiyo ya kiroho hajawa tayari, hata kama mahubiri yake huwatoa watu machozi.

Kitabu hiki basi kisomwe pamoja na barua zake, na kisomwe kabla bodi haijaketi. Atakayekimaliza na kukubali kupimwa na wenzake aweza kwenda mbele kwa amani. Akishindwa kukubali hilo, na abaki darasani, ambako nako Bwana ana kazi.