Jina la Nafasi ya Mhadhiri: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Imetufikia tafsiri ya tangazo la kazi ya ualimu wa chuo kikuu, na aliyeileta ameomba tuitolee maoni kabla haijapigwa chapa. Jina la mfasiri na la chuo hatuyataji, kwa kuwa kasoro tutakazozieleza si za mtu mmoja, bali zimekuwa desturi katika maofisi mengi. Nafasi yenyewe ni ya fani inayochunguza jinsi mashine inavyoweza kufanywa itoe hoja na itumie lugha, na inayopima kwa vitendo kama kweli imeweza. Mfasiri ameiita hivi: Mhadhiri wa Masomo ya Akili Bandia ya Majaribio, Mantiki na Lugha.

Tuanze na neno majaribio. Mtumishi wa Serikali anajua kwamba aajiriwapo huwekwa kwanza katika kipindi cha majaribio, ndipo athibitishwe kazini. Mwalimu naye anaujua mtihani wa majaribio, ule unaotangulia mtihani wenyewe. Kwa hiyo msomaji wa haraka (na matangazo ya kazi husomwa kwa haraka) atadhani kwamba chuo kinatafuta mhadhiri wa muda, au kwamba masomo hayo yamewekwa kwa mwaka mmoja ili yatazamwe kama yanafaa. Kumbe kilichokusudiwa ni jaribio kwa maana ileile anayoijua mwanafunzi wa fizikia: kuweka dhana, kuipima, na kuikubali au kuikataa kwa yale yaliyoonekana.

Mfasiri anaweza kujitetea kwamba angekusudia mhadhiri angeandika "wa majaribio". Utetezi huo unafaa nusu. Neno masomo linapatanishwa kwa "ya", na neno akili pia linapatanishwa kwa "ya". Kati ya hayo mawili, lipi ni la majaribio? Sentensi haisemi. Laiti angeandika somo badala ya masomo, mashaka yangeondoka papo hapo: "somo la akili bandia la majaribio" ni jambo moja, na "somo la akili bandia ya majaribio" ni jambo jingine kabisa. Mwanamantiki akitaka kuonyesha neno gani linatawala lipi hutumia mabano. Sisi tunao upatanisho wa ngeli, nao hufanya kazi hiyohiyo bila kuongeza alama yoyote. Mfasiri aliyepewa chombo hicho na lugha yake mwenyewe, kisha akachagua neno moja linalokizima, amejinyima bure. Inashangaza zaidi kwamba jambo hili limetokea katika jina la nafasi ya kufundisha mantiki.

Mwishoni mwa jina yapo maneno mawili, Mantiki na Lugha, yaliyoachwa baada ya mkato bila kiunganishi chochote cha kuyashika. Je, mhadhiri atafundisha lugha, au atafundisha akili ya mashine inayohusu lugha? Jopo la usaili litakalosoma kwa njia ya pili litamwita mtaalamu wa kompyuta peke yake, na mwanaisimu hatajisumbua kuomba. Hasara ya jambo hilo si ndogo, na mfano tutautoa Kiegei.

Kiegei ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, katika Mkoa wa Lindi. Tuseme mashine ya kuchambua Kiswahili imekutana na jina hilo katika barua ya mtendaji wa kata. Imefundishwa kwamba Kimwera, Kimakua na Kiyao ni lugha. Inaona ki- mwanzoni mwa neno. Inakata shauri kwamba Kiegei ni lugha, na kwamba wenye lugha hiyo huitwa Waegei. Kanuni iliyofundishwa si ya uongo. Ila mashine imeigeuza: kutokana na kwamba majina ya lugha kwetu huanza kwa ki-, imehitimisha kwamba kila kinachoanza kwa ki- ni lugha. Kilwa, Kigoma na Kibaha zingeikanusha mara moja, lakini hizo zimeandikwa sana na pengine mashine inazifahamu. Kiegei haikuandikwa sana. Kosa hili analiona mwanamantiki kwa upande wake na mwanaisimu kwa upande wake; na anayetandika orodha ya majina ya kata na kuhesabu mangapi yamesomwa vibaya ndiye mtu wa majaribio. Nafasi hii inawataka wote watatu katika mtu mmoja.

Wala kazi ya namna hii si ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alichapisha maelezo ya programu ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, akifuata kanuni za ngazi mbili alizozieleza Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Programu ya aina hiyo ikipewa neno paa hutoa maana zote zinazowezekana, mnyama, sehemu ya nyumba na kitendo cha kwenda juu, halafu kanuni nyingine hutazama maneno ya jirani na kuondoa zisizofaa. Mitambo ya siku hizi imeiacha kwa kiasi kikubwa njia ya kanuni. Hujifunza kwa kuhesabu maandishi mengi mno. Kwa lugha yenye maandishi tele njia hiyo ina nguvu. Kwa neno la Kimwera lililoingia katika Kiswahili cha Nachingwea, mashine hubaki kukisia.

Limebaki neno bandia. Tunakubali kwamba halina ubaya kila mahali: mtoto wa kike hucheza na mtoto wa bandia, na mguu wa bandia humsaidia mwenye nao bila kumdanganya yeyote. Lakini noti bandia na dawa bandia ndizo zinazotangulia masikioni, na watumishi wa umma hawajausahau uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017. Mhadhiri wa kitu bandia atajieleza mara ngapi? Neno mnemba, linaloandikwa sana magazetini, halina aibu hiyo, ila wengi wetu tulilijua kwanza kama jina la kisiwa kidogo kaskazini-mashariki ya Unguja, na mwalimu akiliandika ubaoni halimsaidii kueleza.

Sisi tunaelekea upande wa akili unde. Unda ni kitenzi cha mafundi wa majahazi. Na kama umba ilivyotupa kiumbe, na tuma ikatupa mtume, ndivyo unda inavyotupa unde, yaani kilichoundwa. Mwanafunzi anayejua kitenzi atalifikia jina mwenyewe. Kuna watakaosema kwamba tunaliacha neno la Kiingereza. Jina hilo la Kiingereza lilitungwa na John McCarthy na wenzake mwaka 1955, katika ombi la fedha za mkutano uliofanyika Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Na huko Edinburgh Donald Michie, aliyeanzisha kitengo cha programu za majaribio mwaka 1965, alipendelea kusema akili ya mashine. Ikiwa wenye lugha yao hawakukubaliana, hatuoni kwa nini mfasiri wetu ajione amefungwa.

Kwa hiyo tunapendekeza: Mhadhiri wa Mantiki, wa Lugha, na wa Utafiti wa Majaribio katika Akili Unde. Kila "wa" wa taaluma unarudi kwa mhadhiri, majaribio yameshikwa na utafiti, na kifungu kirefu kimewekwa mwisho ili kisitawale visivyo vyake. Jina ni refu, hatukatai. Endapo baadaye nafasi itapandishwa kuwa ya uprofesa wa kudumu wenye jina maalumu, lipo neno kigoda, lililokwisha kutumika vizuri katika Kigoda cha Mwalimu Nyerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu mwaka 2008.

Jambo moja halijatutulia. Katika nyaraka za utumishi neno majaribio litaendelea kuwa na maana yake ya zamani, na utafiti wa majaribio huenda bado ukamkwaza karani wa masjala. Tulifikiria upimaji, lakini hilo limeshachukuliwa na watu wa ardhi. Walimu wa sayansi walioko Nachingwea na Ruangwa, ambao hufundisha jaribio kila wiki mbele ya watoto wanaosema Kimwera nyumbani, tungependa watuandikie ni neno gani hutumia darasani wanapotaka kulitenganisha na mtihani.