Ile 2 Haikupaswa Kufutwa

Mliojaa ukumbini Jumamosi kwa marudio ya kemia ya wafinalisti wa Sandoa wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa, mliona wenyewe. Mwalimu aliandika itemi ya elektrolisisi, chini yake akaandika Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu, akatazama saa, akachukua kitambaa, akafuta. Mahali palepale akaandika fomula ya Faraday kwa herufi kubwa, akaizungushia duara, akawaambia watoto kwamba hiyo ndiyo ya kuondoka nayo. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga, na jirani yangu akanitazama kama mtu aliyekuja kuharibu harusi.

Mengine ya siku ile yalikwenda sawa: pH aliifundisha kwa utulivu, jedwali la elementi hakulipotezea muda, na kemia ya kaboni aliipanga vizuri. Hayo nimeyakiri, tuendelee.

Itemi yenyewe mnaikumbuka. Mkondo wa ampea 10 unapita katika myeyusho wa sulfati ya shaba kwa sekunde 3,860. Ni gramu ngapi za shaba zitakazojishika kwenye kathodi? Majibu matano: 6.35, 12.7, 25.4, 38.1, 50.8. Aliyeitunga ni fundi. Zidisha 10 kwa 3,860, unapata kulombi 38,600. Moli moja ya elektroni hubeba kulombi 96,500, kwa hiyo hapa zimepita moli 0.4 za elektroni. Kila ioni ya shaba hudai elektroni mbili, basi shaba ni moli 0.2, na kwa 63.5 inakuwa gramu 12.7. Hata mashine ya kuhesabu haihitajiki, namba zimechaguliwa zigawanyike kwa upole.

Sasa yatazameni majibu ya uongo. Atakayesahau ile 2 atapata 25.4, nayo inamsubiri pale. Atakayegawa kwa 2 mara mbili atapata 6.35, nayo ipo. Atakayezidisha badala ya kugawa atapata 50.8, ipo vilevile. (Hiyo 38.1 naona imewekwa kujaza nafasi tu. Hata fundi huchoka.) Itemi nzima, basi, inapima jambo moja: je, mtoto anajua ioni hii inachukua elektroni ngapi? Na jambo hilo moja ndilo mwalimu alilolifuta.

Binti wa mstari wa tatu alinyoosha mkono. “Mwalimu, ile 2 ilitoka wapi?” Swali bora kuliko yote ya asubuhi ile. Jibu alilopewa: “Mama, n inakuja imeandikwa. Exetat haikuulizi imetoka wapi, inakuuliza jibu.”

Si kweli. Fungueni itemi za miaka iliyopita. n, yaani idadi ya elektroni, haiandikwi, unapewa jina la chumvi, na jina hilo ndilo lenye habari. Acha ampea 10 na sekunde zilezile 3,860, badilisha myeyusho tu. Ukiweka nitrati ya fedha, ioni ni Ag⁺, elektroni moja, na kathodi inapokea gramu 43.2. Aliyeondoka ukumbini na 2 kichwani ataandika 21.6. Ukiweka alumina iliyoyeyushwa, ioni ni Al³⁺, elektroni tatu, jibu ni gramu 3.6, na yule wa 2 ataandika 5.4. Nawahakikishia kwamba 21.6 na 5.4 zitakuwa kwenye orodha, kwa sababu mtunzi wa itemi anawajua walimu wanaofuta ubao.

Likaja la pili, ambalo ukumbi ulicheka nalo: ukikwama, alisema, panga majibu, tupa dogo kabisa, tupa kubwa kabisa, chagua la katikati. Haya, tufanye hivyo na orodha iliyokuwa ubaoni nyuma yake wakati akisema. Tupa 6.35, tupa 50.8. Katikati inabaki 25.4, kosa lenyewe! Hakugeuka kuangalia.

Utetezi wake naujua, maana nimeusikia tangu zamani. Mtihani wa taifa umekuwepo tangu 1967, maswali yake ni ya kuchagua, husahihishwa kwa mashine, na finalisti ana siku nne za kubeba masomo yote pamoja, kuanzia utamaduni wa jumla hadi lugha. Mashine haisomi kazi ya pembeni. Kwa hiyo tufundishe mbio. Mimi pia napenda mbio. Lakini nusu mlinganyo wa shaba huandikwa kwa sekunde tano, wakati ile fomula yake ina herufi tano na sehemu moja ndefu, na nilihesabu watoto wanne karibu nami waliokuwa wakibishana kama t ni dakika au sekunde. Anayehesabu kwa moli hawezi kupotea hapo: anatafuta kulombi, kulombi ni ampea kwa sekunde, basi. Ile njia fupi ya mwalimu ndiyo ndefu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tuko Lualaba. Mtoto wa Nairobi au wa Zanzibar anaweza kusema elektrolisisi ni habari ya kitabuni. Wa kwetu hana udhuru huo. Shituru, kule Likasi, imekuwa ikitoa shaba kwa umeme tangu 1929, na Luilu, pale Kolwezi, tangu 1960. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo kila mtoto wa Kolwezi amewahi kulitia mfukoni, huyeyushwa kwa asidi: Cu₂CO₃(OH)₂ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + CO₂ + 3H₂O. Halafu umeme unaivuta shaba kwenye kathodi, oksijeni inatoka kwenye anodi, na asidi inazaliwa upya irudi kuyeyusha mawe mengine. Hapo kuna itemi kumi za mtihani katika kiwanda kimoja: kusawazisha, gesi, asidi, oksidisho, Faraday.

Na ukitaka itemi ya kumjua mwanafunzi kweli, mpe kobalti. Heterojeniti, jiwe jeusi la Kolwezi, ni CoO(OH), na humo kobalti ina namba ya oksidisho +3. Asidi peke yake huiyeyusha kwa shida. Ndiyo maana viwandani hutiwa dioksidi ya sulfuri au metabisulfiti ya sodiamu, zinazoishusha kobalti hadi +2 ili iingie kwenye maji. Inapofika kwenye kathodi ni Co²⁺. Kwa hiyo ampea 10 kwa sekunde 3,860 zinatoa moli 0.2, gramu 11.8. Aliyekariri kwamba “kobalti ya jiwe ni tatu” atapata 7.9 na ataapa kwamba yuko sahihi. Fomula ya kuzungushia duara haimsaidii hapa. Kinachomwokoa ni kufuata elektroni kutoka jiwe hadi bamba.

Wasomaji wa zamani wa safu hii wanajua ugomvi wangu na normaliti, na waliodhani umekwisha wanisamehe. Jumamosi ilirudi tena, N₁V₁ = N₂V₂, pamoja na ekwivalenti-gramu zake, na hakuna aliyeona ubaya. Ubaya ni uleule: normaliti inameza vigawo vya mlinganyo na kuvificha tumboni. Mwambie mtoto asawazishe mililita 25 za H₂SO₄ ya molariti 0.1 kwa NaOH ya molariti 0.1. Aliyezoea N na V ataweka molariti mahali pa normaliti, aandike mililita 25, na afurahi. Aliyeandika H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O anaona 2, anasema 50, anahamia swali linalofuata. Faraday alipotoa sheria zake miaka ya 1830 alizungumza kwa ekwivalenti, na alikuwa na haki, kwa kuwa elektroni yenyewe ilikuja kugunduliwa 1897. Sisi tunayo elektroni, tumeiandika ubaoni, kisha tumeifuta.

Hapo ndipo nawakumbuka walimu wa shule za kampuni ya migodi ya Gécamines kule Kolwezi, kabla mgodi wa Kamoto haujabomoka 1990 na kampuni haijaanza kushindwa kulipa mishahara. Mmoja, marehemu sasa, hakuandika fomula ya Faraday hata mara moja kabla ya wiki ya tatu. Alitusimamisha mbele ya darasa, akatuita ioni, akawa anagawa vipande vya chaki. Aliyeitwa shaba hakuruhusiwa kukaa hadi apate vipande viwili. Aliyeitwa fedha alipata kimoja akakaa. Aluminiamu alisimama hadi miguu imuume, akisubiri cha tatu. Kisha aliuliza: nina vipande kumi na viwili, shaba wangapi watakaa? Sita. Aluminiamu? Wanne. Fomula ilipokuja hatukuikariri, tulikuwa tumeshaikalia. Leo chaki ipo, watoto wapo, na ukumbi wa Jumamosi ulikuwa na nafasi ya kutosha mbele.

Msiniambie habari ya maabara. Najua kabati la vifaa limefungwa na prefe wa shule hajui ufunguo uko wapi. Najua pia kinachotoka Kolwezi kinapita Mutshatsha na Kasaji, na masika yakikolea hakuna anayejua lori litafika lini. Lakini gilasi moja, sulfati ya shaba kidogo, vipande viwili vya waya wa shaba na betri ya pikipiki vinapatikana hapahapa Sandoa. Waya wa upande wa hasi unavaa koti jekundu mbele ya macho ya watu. Baada ya kuliona hilo hakuna anayeuliza shaba inakwenda kathodi au anodi, swali ambalo Jumamosi lilipigiwa kura kwa mikono.

Kuhusu maki, yale makundi ya wafinalisti ya kujiandaa pamoja na mtihani, najua wakubwa wa elimu hawazipendi, na wazazi wa mabinti hawazipendi zaidi. Mimi sina neno na vijana kukusanyika nyumba moja kusoma usiku. Ninalo na maki zinazokaa zikisubiri majibu ya kuuzwa kwenye simu. Vitabu vya mtihani vina seri tofauti, mtoto wa mbele yako hana karatasi yako, na anayekuuzia orodha ya namba hajui wewe utapewa seri ipi. Pesa hiyo inunue daftari.

Zimebaki wiki chache. Kila maki ichukue itemi za miaka iliyopita na ifunike majibu yote matano kwa kipande cha karatasi. Mlinganyo uandikwe, usawazishwe, elektroni zihesabiwe kwa sauti, jibu lipatikane. Hapo ndipo karatasi iondolewe, na kila jibu la uongo litajwe ni kosa gani lililolizaa. Itemi kumi kwa usiku zinatosha kabisa. Ikifika saa nne jenereta izimwe, mafuta Sandoa si ya kuchezea, na wote wakalale.