Mgeni Mbele ya Tovuti ya Serikali

Mimi ni Mrundi ninayesoma Kiswahili katika nchi jirani. Tovuti za serikali zinazotoa maelezo kwa wageni wakaazi nazisoma kama mwanafunzi wa lugha, na pia kama mtu ambaye kibali chake kina tarehe ya kwisha. Wengi wanaozitathmini huanza kwa kuhesabu lugha: ikiwapo ya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, basi imefaulu. Kipimo hicho sikikubali.

Muhula uliopita nilifungua tovuti ya idara moja, nisiyoitaja, ili nijue namna ya kuongeza muda wa kibali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Kiswahili kizuri. Nilipobonyeza "Masharti", nikakuta waraka wa Kiingereza wa kurasa nyingi. Sehemu chache zilizotafsiriwa zilikuwa na sentensi kama hii: "Mwombaji anatakiwa kuambatisha uthibitisho wa uandikishwaji uliohuishwa." Nikachukua barua yangu ya kupokelewa chuoni. Kumbe walitaka barua mpya, ya mwaka huu wa masomo. Nililijua hilo dirishani, baada ya kupanga foleni tangu asubuhi, kibali kikiwa kimebakiza siku nne. Wangeandika "Leta barua ya chuo ya mwaka huu", hata mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha Buyenzi, Bujumbura, angeelewa.

Japani walifika kwenye jambo hili kwa njia ya uchungu. Tetemeko lilipopiga Kobe Januari 1995, wako wageni ambao hawakuelewa matangazo ya Kijapani wala ya Kiingereza. Baadaye wataalamu wa lugha wakabuni Kijapani chepesi: badala ya hinan, neno rasmi la kuondoka mahali pa hatari, itumike nigeru, yaani kukimbia. Mwaka 2020 serikali ikatoa mwongozo wa kuwaandikia wageni wakaazi kwa lugha hiyo. Sidai kwamba tovuti zao zote zinaufuata.

Kwetu jambo hili lingekuwa rahisi zaidi. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ianze kutumika Julai 2010, raia wa nchi wanachama wanatambuliwa kuwa na haki ya kwenda kusoma kwa jirani. Wengi wetu tunakuja na Kiswahili, ila si cha ofisini. "Ukaazi", kwa mfano, nililikuta kwa mara ya kwanza kwenye fomu. Nyumbani tunasema kukaa.

Mhadhiri wangu mmoja hupinga kwamba lugha ya sheria ikirahisishwa hupotoshwa. Ana hoja, lakini sheria ina kitabu chake. Kazi ya tovuti ni kumwambia mtu abebe nini, aende wapi, lini, na alipe kiasi gani. Ningependa darasa letu la tafsiri lichukue ukurasa mmoja, liwape wanafunzi watatu waliowasili juzi, kisha liwaulize wataenda dirishani na karatasi zipi.