Deni la chenji kati ya Thika na Ruiru

Matatu ya namba 237 ikitoka Thika kwenda Nairobi, kondakta huanza kukusanya nauli kabla hata ya kufika Witeithie. Tuseme nauli ni shilingi 100. Mmoja anatoa noti ya 1000, wawili wanatoa 200 kila mmoja, mwingine ana pesa kamili, na kiti cha nyuma kuna mama anayemlipia mtoto wake pia. Hakuna tikiti wala daftari. Hata hivyo gari likisimama Juja, kisha Ruiru, wengi hushuka na chenji yao mkononi, na kondakta anajua bila kuuliza nani bado hajalipa.

Watu husema makanga, yaani makondakta hawa, wamejaliwa vichwa vyepesi. Ninachokiona mimi ni utaratibu, na unaweza kuuchambua hatua kwa hatua.

Anza na mkono wa kushoto. Noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, kila aina na nafasi yake: za 50 na 100 pamoja, za 200 pembeni, za 500 mbele. Ile ya 1000 ambayo chenji yake haijatoka mara nyingi haiingii mfukoni pamoja na nyingine. Inabaki nje, imechomoza, na kila mara kondakta akitazama mkono wake anaona deni. Kazi ya kukumbuka ameikabidhi kidole. Huu ndio ustadi ninaouheshimu kuliko wote, kwa sababu hautaki juhudi: kitu chenyewe kimewekwa mahali ambapo hakiwezi kusahaulika.

Hatua ya pili ni mpangilio. Kondakta hukusanya safu kwa safu, wala hamfuati anayepunga noti kwanza. Hapa sheria ilimsaidia bila kukusudia. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilitaka kila abiria awe na kiti na mkanda wake. Kabla ya hapo watu walibebana, wengine wakining'inia mlangoni, na nadhani deni lilibidi lishikwe kwa sura ya mtu. Siku hizi lina anwani: safu ya pili, dirishani. Abiria akihama kiti katikati ya safari, hapo ndipo hesabu huanza kuyumba.

Tatu, anasema kwa sauti. "Bosi, mia tisa yako iko." Maneno hayo yanamtuliza mwenye noti ya 1000, lakini pia yanamlazimisha msemaji kuitaja hesabu upya, na sasa wanaoikumbuka ni wawili. Kisha anapunguza mzigo wenyewe. Wale wawili waliotoa 200 anawarudishia noti moja ya 200 na kuwaambia, "Hiyo mgawane." Madeni mawili yametoka kichwani mwake kwa tendo moja. Ana sababu ya kufanya hivyo. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba akili hushika takriban vitu saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan akashusha makadirio hayo hadi karibu vinne. Gari lenye viti 14 linazidi vyote viwili.

Je, mazoezi ya aina hii yanakuza kumbukumbu yote? Jibu zuri lilitoka Pittsburgh, Marekani, mwaka 1980. Anders Ericsson na wenzake walimfundisha mwanafunzi mmoja kukariri tarakimu alizosomewa. Alianza na saba hivi, na baada ya zaidi ya saa 230 za mazoezi akafika 79. Siri yake ingeeleweka haraka Iten au Eldoret, miji ya wakimbiaji: kijana alikuwa mkimbiaji, na tarakimu alizigeuza muda wa mbio. 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa maili moja. Lakini alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye sita tu. Kilichokua kilikuwa mbinu yake ya tarakimu. Kwa hiyo sioni faida ya michezo ya simu inayoahidi kunoa ubongo mzima. Cha kuazima kwa makanga ni mazoea yake, uyapeleke kwenye kazi yako mwenyewe: funguo zikae msumari mmoja kila siku, fomu ya kupeleka ofisini uiweke juu ya viatu utakavyovaa asubuhi, ahadi uitamke mbele ya uliyemwahidi.

Kwa mwanafunzi anayeishi Ruiru na kusoma Thika, tabia moja ya kondakta ina uzito wa pekee: ile ya kuitaja hesabu upya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivirudia kusoma, wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojijaribu wakawapita kwa mbali. Basi asome kurasa zake akiwa stejini Ruiru, gari likisubiri kujaa. Likiondoka afunge kitabu, simu aitie mkobani, na hadi Juja ajisemee hoja zote alizosoma, kwa mpangilio, hata kama zinakuja kwa shida. Shida hiyo ndiyo inayojenga. Akipita Witeithie ndipo afungue tena kuona alizoruka, na hizo ndizo za kuanza nazo jioni akirudi.