Tembe la Kwihara: Mgeni na Mwenyeji

Mwanafunzi wa usanifu majengo hufundishwa mapema kupima: unene wa ukuta, kimo cha mlango, uzito wa paa juu ya boriti. Akifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, atalipima tembe lililojengwa upya kwa mfano wa lile la kale, na vipimo vyake vitakuwa sahihi. Je, atakuwa amelisoma?

Jengo hilo ni ubeti wenye vina viwili. Kuta nene za udongo na ua wa ndani ni vya bara. Mlango wa nakshi ni wa pwani, uliofuata njia ya misafara. Vina hivyo havigombani.

Kasoro imo katika jina. Huitwa tembe la Livingstone, naye alikuwa mgeni tu mwaka 1872: pamoja na Stanley hadi Machi, kisha bila yeye hadi Agosti. Waliokanda udongo hawatajwi, wala wapagazi na watumwa waliopita na pembe za ndovu mabegani.

Mwalimu ampaye mwanafunzi kamba ya kupimia na ampe pia swali: nani alijenga? Bila swali hilo mizani hutimia, shairi lisiwemo.