Siri ya Mtungi

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata ndiyo iingiayo ndani, nayo ndiyo ijuayo maji yamebaki kiasi gani. Katika zama zetu kata hiyo ni kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti. Kinajua tumesoma nini na saa ngapi, kurasa zipi tumezitia alama, na hata maneno yetu ya siri. Nataka kuuhakiki uwezo wake mmoja tu: ule wa kusawazisha, yaani kuyachukua yote hayo kutoka chombo kimoja na kuyafikisha katika vyombo vingine vya mtu huyo huyo.

Kwanza nitoe sifa panapostahili. Mtu anayeanza kusoma makala kwenye kompyuta na kuimalizia kwenye simu ndani ya daladala hawezi kuubeza uwezo huu. Mozilla walianza kuujaribu mwaka 2007 kwa mradi walioupa jina la Weave, na mwaka 2011 wakauingiza ndani ya Firefox 4. Google nao, kupitia Chrome, waliuleta mwaka 2010 wakianzia na alama za kurasa. Aliyewahi kupoteza simu, kisha akaziona kurasa zake zote zikirejea katika simu mpya, anajua thamani yake.

Lakini sifa hiyo isitufumbe macho. Mwaka jana nilikwenda Tanga kumtembelea dada yangu. Nikaomba kompyuta ya nyumbani kwake nisome barua moja. Nikaingia kwenye akaunti yangu, kivinjari kikauliza swali, nami nikabonyeza ndiyo bila kusoma, kama tufanyavyo wengi. Nikasahau kutoka. Wiki tatu baadaye, nikiwa kwangu Morogoro nikisubiri majibu ya vipimo, nilikuwa nikikesha na simu nikisoma habari za tezi dume. Mke wangu nilikuwa sijamwambia. Nilitaka niwe na majibu kwanza.

Kumbe kule Tanga mpwa wangu alikuwa anatafuta habari za tenzi kwa ajili ya kazi ya shule. Akaandika herufi mbili tu, te, na kivinjari kikamtandazia kurasa zangu zote za usiku. Akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Mjomba, unaumwa?" Sikuwa na la kujibu. Alikuwa amekwisha mwambia mama yake, na mama yake alikuwa amekwisha mpigia wifi yake. Jioni ile mke wangu aliniandalia chakula bila kusema neno, nami nikajua kwamba amejua.

Msomaji ataniambia kosa lilikuwa langu. Nakubali. Lakini mhakiki hana budi kuuliza pia chombo kilitengenezwa kwa kumfikiria nani. Usawazishaji umejengwa juu ya picha ya mtu mmoja mwenye vyombo vingi, vyote vyake peke yake. Katika nyumba zetu nyingi hali ni kinyume: chombo ni kimoja na watu ni wengi. Kompyuta ya dada yangu hutumiwa na watoto, jirani na mgeni. Mfumo usioijua nyumba ya namna hiyo humfanya mgeni wa dakika tano kuwa mkazi wa kudumu.

Wala si sisi tu tuliolalamika. Septemba 2018, katika Chrome 69, mtu aliyeingia kwenye barua pepe yake ya Google alikuta kivinjari nacho kimeingia kwenye akaunti hiyo bila kumwuliza. Usawazishaji wenyewe haukuwashwa, lakini mpaka uliokuwapo ulikuwa umefutwa. Wataalamu wa usalama walipiga kelele, na mwezi uliofuata, katika Chrome 70, Google wakaweka swichi ya kuzuia jambo hilo. Kelele hizo zilikuwa za haki.

Firefox inanipendeza zaidi kwa jambo moja: data hufungwa kwa ufunguo kabla ya kuondoka kwenye chombo chako, na anayeitunza kwenye seva hawezi kuisoma. Katika Chrome ulinzi wa namna hiyo kwa data yote humjia yule tu anayejiwekea kaulisiri yake mwenyewe. Hata hivyo, ufunguo huo usingenisaidia Tanga. Aliyenisoma hakuwa mwizi wa mbali. Alikuwa mtoto wa dada yangu, mbele ya mlango nilioufungua mwenyewe.

Kasoro nyingine ni jina. Wengi hudhani kusawazisha ni kuweka akiba. Sivyo. Ukifuta alama ya ukurasa kwenye simu, hufutika na kwenye kompyuta. Akiba hukutunzia ulichokitupa. Usawazishaji hukisaidia kitupwe kila mahali.

Hukumu yangu ni hii: chombo ni kizuri kwa anayeishi peke yake, na kwa sisi wengine kinahitaji adabu ambayo hakikuzaliwa nayo. Kwenye kompyuta ya watu, fungua dirisha la faragha. Ukisahau, ingia kwenye akaunti yako kutoka chombo chako mwenyewe, ukiondoe kile kingine.

Majibu yalikuja mema. Mke wangu aliyapokea kwa shukrani, kisha akaniuliza kwa nini kompyuta ya Tanga ilijua kabla yake. Swali hilo halikuwa la kivinjari.