Nani Aliahirisha? Msimu na Chipukizi katika Kiswahili cha Kandanda

Kiswahili cha habari za kandanda kina maneno mawili kinayoyapenda mno: msimu na chipukizi. Hakuna hata moja lililozaliwa uwanjani. Msimu lilitujia kutoka Kiarabu kama jina la majira ya pepo, na baharia wa Lamu au Unguja alipolitamka alikuwa na kaskazi au kusi akilini, pepo ambazo humpeleka mtu au kumzuia bila kumwomba ruhusa. Chipukizi limetoka shambani. Ni kile kichwa cha kijani kinachotokeza udongoni baada ya mvua, ambacho mbuzi akipita kimekwisha. Makala haya yanayasoma maneno hayo jinsi yalivyotumika kati ya Januari na Agosti 2025, michuano ya CHAN ilipocheleweshwa kwa miezi sita, na yanauliza yalitufanya nini sisi tuliokuwa tukingoja.

Kwanza mambo yenyewe. CHAN ni kombe la mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaosakata mpira katika ligi za nchi zao. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuliandaa kwa pamoja kuanzia tarehe 1 hadi 28 Februari 2025. Tarehe 14 Januari, siku moja kabla ya droo, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likatangaza kwamba michuano imesogezwa hadi Agosti, ili nchi hizo zipate muda zaidi wa kumaliza viwanja vya mechi, viwanja vya mazoezi, hoteli na hospitali. Kesho yake droo ikafanyika Nairobi kana kwamba watu wanaingia uwanjani wiki ijayo. Mpira ukachezwa hatimaye tarehe 2 hadi 30 Agosti 2025, na jina likabaki CHAN 2024. Mwanafunzi wa sarufi anaweza kucheka hapo. Tuna wakati uliopita, uliopo na ujao, na sasa tumepata na wakati ulioahirishwa.

Huku mpakani habari hizo zilitufikia kwa njia ya ajabu kidogo. Lunyo iko wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Busia yenyewe ni mji mmoja wenye serikali mbili, na tangu 2018 una kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mpira wa Uganda hutangazwa zaidi kwa Luganda na Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chetu cha kandanda tunakinywa hasa kutoka redio za Kenya. Shabiki wa Cranes anaweza kusikia habari za timu yake ya Kampala kwa maneno yaliyopikwa Nairobi. Shabiki huyo mara nyingi ni mkulima, au mtoto wa mkulima, hivyo neno msimu hulisikia kwa masikio mawili. Februari kwetu ni kiangazi, watu wanafyeka na kulima. Machi wanapanda. Mwezi wa saba na wa nane wanavuna mahindi na wimbi, na wengine wanaanza kutayarisha shamba tena. Mvua ikichelewa, imechelewa. Hakuna ofisi ya kwenda kuuliza.

Hapo ndipo lugha ilipotuchezea. Tulipoambiwa kwamba msimu wa CHAN umechelewa, tulilipokea kama tunavyopokea habari ya mvua. Tulitazama juu, tukavuta pumzi, tukaendelea na kazi. Lakini uwanja usiokwisha una mkandarasi. Una wizara, una bajeti, una tarehe iliyowekwa sahihi na mtu mwenye jina. Kiswahili kinaweza kumtaja mtu huyo kwa urahisi kabisa, maana kauli yetu ya kutendwa ina nafasi ya mtendaji baada ya kiunganishi na: imeahirishwa na fulani, kwa sababu fulani. Katika habari za siku ile ya kwanza CAF ilitajwa. Siku zilivyopita, kwa jinsi nilivyozisikia na kuzisoma habari hizo, kiunganishi kilidondoka na mtendaji akaenda nacho. Ikabaki michuano imeahirishwa, nukta. Tena hata CAF haikuwa jibu zima, kwa sababu CAF ndiyo iliyoandika barua tu. Nyuma ya barua kulikuwa na saruji ambayo haijakauka, na kuhusu saruji hiyo habari za michezo zilisema machache. Waliobaki wakitajwa kwa majina ni wachezaji.

Kuna pingamizi la haki hapa, na sitaki kulirukia. Mashabiki wa Kenya walikuwa na sababu ya kulifurahia neno kuahirishwa. Kenya ilikuwa imepewa kuandaa CHAN ya 2018, na mwezi wa Septemba 2017 CAF ikainyang'anya kwa kutokuwa tayari; Morocco ikapewa, ikaandaa na kulitwaa kombe lenyewe. Mtu aliyewahi kunyang'anywa sahani huona heri akiambiwa chakula kitachelewa. Na kuchelewa kulileta mema yake. Benni McCarthy, aliyeiongoza Harambee Stars mwezi wa Agosti, aliteuliwa tarehe 3 Machi 2025. Februari benchi lingekuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Kilichonisumbua ni kwamba uamuzi ulivaa nguo za hali ya hewa, na hali ya hewa haidaiwi maelezo.

Sasa chipukizi. Katika miezi ile sita neno hili lilifanya kazi kubwa kuliko lolote, kwa sababu ndilo lililobeba matumaini. Viwanja vilipotia aibu, habari zilikimbilia vijana: vipaji vichanga, nyota wa kesho, mustakabali wa soka yetu. Picha yote ni ya kitalu. Vijana wanapandwa, wanapaliliwa, wanakomaa, wanavunwa. Na kwa sababu picha ni ya shamba, shauri linalofuata nalo ni la shamba: mvumilivu hula mbivu. Methali hii ilirudiwa mno, na naomba tuisome polepole. Ndani yake mvumilivu ni mlaji. Kile kilichoiva hakivumilii, kinaliwa. Tukimwambia kijana wa miaka 20 kwamba mvumilivu hula mbivu huku tukimwita chipukizi, tumempa sehemu mbili za mchezo mmoja ambazo hazikai pamoja. Anayengoja kula ni sisi mashabiki, na shirikisho, na labda wakala wake. Yeye ndiye tunda.

Tena kungoja kwake si sawa na kungoja kwetu. Sheria ya CHAN inamtaka mchezaji awe katika ligi ya nyumbani. Kati ya Februari na Agosti kuna dirisha la usajili la katikati ya mwaka. Kijana anayepata klabu nje mwezi wa sita au wa saba ameshinda maisha na amepoteza kombe kwa siku moja, na anayekataa ofa ili acheze nyumbani amefanya kamari ambayo hakuna atakayemlipia akivunjika goti mazoezini. Shabiki wa Lunyo aliyesubiri miezi sita alikuwa shabiki yuleyule mwishoni, na redio yake ileile.

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili hautoki katika kandanda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya eneo la Mashariki ya Kati na Afrika huko Kutno, Poland, katika besiboli. Wangekuwa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kufika fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani, mashindano ya watoto wa karibu miaka 12. Marekani ikawanyima viza kwa kutoridhika na hati za umri wao, na nafasi ikaenda kwa timu ya Saudi Arabia waliyokuwa wameishinda. Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao wangekuwa wapinzani wao wa kwanza, walisafiri hadi Uganda kuucheza mchezo uliokosekana, na wenyeji wakashinda. Agosti ya mwaka huo Uganda ikafika Williamsport hatimaye. Masimulizi mengi hufunga hapo kwa furaha: subira imevuta heri, Uganda imefika. Ni kweli Uganda ilifika, lakini timu iliyokwenda ilikuwa ya Lugazi. Katika mashindano ambayo umri ndio tiketi, mwaka mmoja ni ukuta. Nchi iliahirishiwa safari, ila wale watoto wa 2011 hawakuahirishiwa chochote. Kwao ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana naona kwamba msimu na chipukizi yakiwekwa katika sentensi moja yanadanganya. Msimu hurudi. Mwenye miaka 12 hairudii.

Kuna upungufu mwingine wa neno chipukizi ambao wahariri wetu wangeufikiria: halina mwisho. Mmea hufika siku ukaitwa mti. Mwanasoka wetu anaweza kuitwa chipukizi hadi ndevu zitoke mvi. Allan Okello wa Uganda alijulikana akiwa kijana mdogo wa KCCA, akaenda Paradou ya Algeria mwaka 2020, akarudi, na mwaka 2025 alikuwa akivaa jezi ya Cranes akitoka Vipers. Tarehe 18 Agosti, Uganda ikiwa nyuma 3-1 dhidi ya Afrika Kusini na dakika zikiyeyuka, yeye ndiye aliyeuweka mpira wa penalti chini na kufunga, kabla ya penalti nyingine ya Rogers Torach kuleta sare ya 3-3 iliyoivusha Uganda hadi robo fainali. Huyo alikuwa mtu mzima kazini. Aliyekwenda ughaibuni akarudi tunamwita nani? Lugha ya kitalu haina jina lake, kwa hiyo ama tunamwita kipaji tena, ama tunamnyamazia.

Kiswahili cha redio hakikuwa hivi siku zote. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye vizazi vya Kenya na vya kwetu huku ng'ambo ya mpaka vilijifunza mpira kwa sauti yake, alifariki tarehe 7 Februari 2025, yaani katika wiki ambayo CHAN ingekuwa inachezwa lau isingesogezwa. Wengi walimkumbuka kwa utangazaji wa mechi. Mimi nakumbuka zaidi jina la kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana? Jina hilo ni swali, na swali lina mtu wa kuulizwa. Katika kipindi hicho tabia haikuwa mvua. Kulikuwa na mtu aliyefanya jambo, na msikilizaji alialikwa kulipima. Sisemi Mbotela angeishughulikia CHAN namna gani. Nasema tu kwamba umbo hilo la swali lipo katika mila yetu ya utangazaji, halihitaji kuagizwa kutoka nje, na katika miezi ile sita lilikaa rafuni.

Agosti ilipofika matumaini yalilipwa, kwa sehemu. Kenya, ikishiriki CHAN kwa mara ya kwanza, iliifunga Morocco 1-0 pale Kasarani tarehe 10 Agosti ikiwa imebaki na wachezaji kumi. Bao lilikuwa la Ryan Ogam wa Tusker, miaka 20, na siku saba baadaye akaifunga Zambia pia. Busia yote mbili ililipuka usiku ule wa Morocco, na sikuona mtu akiulizwa kitambulisho kabla ya kushangilia. Kisha mambo yakaisha upesi. Tarehe 22 Kenya ilitolewa na Madagascar kwa penalti, na siku hiyohiyo Tanzania ikafungwa na Morocco. Tarehe 23 Uganda ikafungwa na Senegal. Wenyeji wote watatu nje ndani ya siku mbili. Morocco ikalitwaa kombe Kasarani kwa kuifunga Madagascar 3-2.

Baada ya hapo Ogam alikwenda Wolfsberger ya Austria. Habari zilisema, kwa Kiswahili kizuri tu, kwamba chipukizi ameiva. Sijui kama ameiva. Najua amehama kwa mkataba, kutoka klabu moja hadi nyingine, kwa tarehe maalumu, na akibaki huko sheria ya CHAN haitamruhusu tena kucheza kombe lililomtangaza. Yote hayo yana watendaji na yangeweza kusemwa kwa kauli ya kutenda. Nchi hizi tatu zimepewa pia kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na vijana wa Lunyo ambao mwaka huo watakuwa na miaka 18 wameshaanza kuhesabu. Wahariri wa michezo nao wangeanza sasa kuandika tarehe ya kila uwanja kumalizika, pamoja na jina la aliyeiahidi.